Mbu wa mchana anatoka wapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu aliumwa homa kali, macho yakawa yanamuuma kwa nyuma, kupima malaria hamna, baadae wakasema dengue. Sasa nachoshangaa sisi wote tunalala kwenye neti, na hapa hamna mtaro mchafu wala dimbwi, maji ni ya kwenye mapipa tu maana bomba linatoka kwa mgao. Ila kuna vimbu vyeusi vya madoadoa meupe vinatung'ata miguuni mchana kweupe. Ndo hao? – Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mama, na pole sana na mgonjwa. Ndo hao hao, na hapo kwenye mapipa umeshajijibu mwenyewe. Huyo ni edesi, mwembamba, mweusi, miguu ina pete nyeupe, anauma zaidi asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, kwa hiyo neti ya usiku humkomeshi nayo. Yeye na mtaro hawana habari, anataka maji masafi yaliyotulia, pipa, ndoo, sahani ya chini ya chungu cha maua, trei la nyuma ya friji, kifuu cha nazi, na matairi ya gereji yaliyorundikwa nje mvua ikinyesha (hayo matairi yananiuma roho jamani, gereji moja inasumbua mtaa mzima).

Tena wengi wanaishia kumwaga maji wakidhani wamemaliza. Edesi anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yakikauka hayafi, yanakaa hata miezi, siku ukijaza maji yakayafikia yanaangua. Kwa joto la Dar toka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo kila wiki chukua brashi ngumu na sabuni usugue pipa kwa ndani mpaka juu, suuza, alafu funika na kitambaa au kipande cha neti kuukuu ukaze kwa mpira pasibaki upenyo. Ukiona viluwiluwi wanacheza ndani ujue umechelewa kidogo, mwaga nchi kavu.

Na mtu akiwa na homa ambayo hajajua ni nini asinywe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, zinaweza kuongeza kutoka damu. Parasetamo na maji mengi, alafu kipimo. Homa ikishuka bado mwangalie, tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo au fizi zikitoa damu kimbieni hospitali hapohapo.

SWALI: Si manispaa waje wapulize moshi tu yaishe? – Kijana wa Tanga

JIBU: Hauishi hivyo mdogo wangu. Moshi unaua wale unaowagusa wakati huo, aliyejificha nyuma ya pazia au chini ya kitanda anaweza kupona, na waliomo kwenye pipa hawaguswi kabisa. Wakati wa mlipuko kama ule wa Dar 2014 na 2019 upulizwe, mimi naunga mkono, ila mapipa yasiposuguliwa baada ya wiki mbu ni walewale.

SWALI: Dokta huku shamba choo chetu cha shimo kina maji chini, usiku mbu wa kahawia wanatoka kama moshi. Nao wana dengue? – Bi Mkubwa, Unguja

JIBU: Shikamoo bibi. Hao ni kuleksi, wanapenda maji machafu, kwa huko pwani shida yao ni matende na mabusha. Makunduchi miaka ya mwisho ya 1980 walimwaga kwenye vyoo vya maji chembe nyeupe nyepesi za povu la plastiki, zikaelea zikafunika maji, viluwiluwi wakakosa hewa na mbu wakakosa pa kutagia, wakapungua sana, na watu wakapewa dawa ya matende pia. Kama huzipati, bomba la hewa la choo livishe wavu na tundu lifunikwe kila mtu akitoka, na bibi usiache neti, wa malaria nae anakuja usiku huohuo.