Maswali ya Wasomaji: Ubao Umependeza, Mchezo Unachosha

SWALI: Mhariri, pokea salamu zetu. Sisi ni kikundi cha watu saba tunaopenda uchoraji, na kwa miezi minne sasa tumekuwa tukitengeneza mchezo wa ubao unaotokana na michoro mashuhuri ya dunia. Tulianza na ubao wenyewe: tumeupaka rangi kwa uangalifu, tumechora miraba 40 yenye picha, na kila anayeuona anausifu. Tatizo ni kwamba tukiucheza, mtu hurusha dadu, husogeza kete, husoma jina la mchoraji, kisha humpisha mwenzake, na kabla ya nusu saa kupita kila mmoja ameshaanza kutazama simu yake. Isitoshe, kila mmoja wetu alichora kwa mkono wake, na sasa hatuelewani ni mtindo wa nani ubaki. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu zangu, uchoraji wenu hauna kosa. Mlichokosea ni mpangilio wa kazi, kwa kuwa mlianza na hatua ambayo kwa kawaida huja mwisho. Fanyeni jaribio hili jioni moja: funikeni picha zote kwa vipande vya karatasi vyenye namba 1 hadi 40, kisha mcheze kama kawaida. Mkiona mchezo umebaki vilevile, mtakuwa mmepata jibu la swali lenu, kwamba sanaa imekaa juu ya ubao kama kitambaa juu ya meza na haijaingia katika uamuzi wowote anaoufanya mchezaji.

Mchezo huishi katika kanuni. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya mchoro ni hili: mchoraji huyu alifanya nini, na je, mchezaji anaweza kukifanya yeye mwenyewe kwa zamu yake? Josef Hartwig, fundi wa uchongaji katika shule ya sanaa ya Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani, alitengeneza kete za sataranji kati ya mwaka 1923 na 1924 ambamo umbo la kila kete linaeleza mwendo wake. Kete iendayo kimshazari ina umbo la X, farasi amejengwa kwa pembe za herufi L kama anavyoruka, na ngome, ambayo hufuata mistari iliyonyooka, ni mchemraba mtupu. Msanii Yoko Ono naye, mwaka 1966, alitengeneza sataranji ambayo ubao wake wote ni mweupe na kete za pande zote mbili ni nyeupe. Wachezaji huanza vizuri, lakini kete zinapochanganyikana, kila mmoja hulazimika kukumbuka, kisha kuuliza, kisha kumwamini mwenzake, ni ipi iliyo yake. Hakuongeza picha hata moja. Alibadilisha rangi tu, na vita ikageuka mazungumzo.

Niwape mfano wa karibu zaidi, ambao niliushuhudia nilipokuwa mmoja wa kikundi kama chenu. Tulichagua mchoro wa Georges Seurat wa watu waliopumzika kwenye kisiwa cha La Grande Jatte, alioufanyia kazi kuanzia mwaka 1884 hadi 1886 kwa kuweka nukta za rangi safi kandokando ili zichanganyike katika jicho la mtazamaji aliye mbali. Kanuni tuliyoitoa humo ilikuwa fupi: kila mchezaji ana kadi ya siri yenye rangi moja, tuseme rangi ya chungwa, ila haruhusiwi kuitumia rangi hiyo, kwa zamu yake huweka nukta kumi za rangi nyingine kwenye karatasi ya pamoja, na mwisho wa duru wote husimama, hurudi nyuma hatua tano, na kukisia rangi ya kila mmoja.

Jaribio la kwanza lilishindikana kabisa. Tulikuwa tumekata nukta kwa mashine ya kutobolea karatasi, na hata tulipofika ukutani bado tuliona vidude vyekundu na vya njano, kila kimoja peke yake. Mwenzetu mmoja akachukua kalamu mbili zenye ncha nyembamba, akainama, akagongagonga karatasi kwa dakika kadhaa mpaka mraba mdogo ukajaa, kisha akatuita turudi nyuma. Rangi ya chungwa ikajitokeza pale ambapo haikuwekwa na mtu. Alipojaribu bluu na njano, sote tukitarajia kijani, tulipata rangi iliyoelekea kijivu, kwa sababu mwanga unaochanganyika jichoni haufuati desturi ya rangi zinazokorogwa kwenye sahani. Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa, maana sasa mchezaji alikuwa na jambo la kujifunza, la kukosea na la kuficha. Ubao wetu wakati huo ulikuwa karatasi ya manila iliyokunjwa mara nne.

Nawasihi sana mfanye kazi na vitu vya hali hiyo kwa muda mrefu kuliko mnavyotamani: kadibodi, penseli, vifungo vya nguo badala ya kete. Kitu kilichopakwa rangi kwa wiki tatu hakuna anayethubutu kukikata kwa mkasi, hata kila mtu akijua kwamba kinaharibu mchezo, na nadhani hilo ndilo linalowafunga ninyi sasa. Kila mnapojaribu, badilisheni jambo moja tu na mliandike kwenye daftari, la sivyo hamtajua ni badiliko lipi lililoleta nafuu.

Kuhusu mtindo wa nani ubaki, wapo waliokutana na tatizo hilo kabla yenu, tena katika hali ngumu. Mwaka 1940 na 1941, mshairi André Breton na wasanii wenzake, wakiwemo Max Ernst, Wifredo Lam na Victor Brauner, walikuwa Marseille wakisubiri njia ya kutoka Ufaransa wakati wa vita, na wakabuni pamoja karata mpya. Badala ya kopa, uru, shupaza na pau, waliweka mapenzi, ndoto, mapinduzi na maarifa. Wafalme wakawaondoa, na nafasi yao ikachukuliwa na magwiji wa fikra. Kila msanii alichora kadi zake, kisha mmoja wao, Frédéric Delanglade, akazichora upya zote ili ziwe na mkono mmoja. Nawashauri mfuate njia hiyo: mawazo yatoke kwa wote saba, na mchoro wa mwisho apewe mtu mmoja, mkikubaliana hivyo mapema, kabla mtu hajapenda kazi yake kupita kiasi. Kanuni nazo ziwe na mtunzaji mmoja ambaye ndiye pekee anayeandika katika nakala rasmi.

SWALI: Je, tunahitaji ruhusa kutumia picha za wachoraji wakubwa iwapo tutauza mchezo wetu?

JIBU: Inategemea mchoraji alifariki lini. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka ulinzi wa angalau miaka 50 baada ya kifo cha msanii, na nchi nyingi zimeufikisha miaka 70. Kazi za Seurat, aliyefariki mwaka 1891, ziko huru. Za Picasso, aliyefariki mwaka 1973, bado zinalindwa katika nchi hizo nyingi. Makumbusho kadhaa, kama Rijksmuseum ya Amsterdam na Art Institute of Chicago inayohifadhi mchoro huo wa Seurat, huruhusu watu kupakua bure picha za kazi zilizo huru. Hata hivyo, hakimiliki hulinda kazi yenyewe na hailindi namna ya kuchora, hivyo mchezo ambao kanuni yake imetokana na mbinu ya mchoraji unaweza usihitaji picha yake hata moja.

Kabla ya kupeleka chochote kwa mchapishaji, wapeni watu wasiowajua sanduku na karatasi ya kanuni, kisha mkae pembeni bila kusema neno, hata watakapoushika ubao kichwa chini. Kila mahali mtakapotamani kufungua mdomo ili kueleza, wekeni alama kwenye nakala yenu ya kanuni. Sentensi hiyo ndiyo ya kuandikwa upya.