Mpiga gita safarini: acha nafasi imani ikukute

Ratiba ya mwanamuziki wa kuzunguka ina saa ya kufika, saa ya kupima mitambo, saa ya kupanda jukwaani na saa ya basi. Saa ya kukaa tu haimo. Baada ya miezi kadhaa anashangaa mbona moyo umekauka, sala zimemtoka na nyimbo anazipiga kama fundi anayegonga misumari. Wengi wakifika hapo hutafuta ibada kubwa yenye taa na spika, yaani kazi ileile kwa jina lingine. Kinachosaidia zaidi ni kuacha pengo kwenye ratiba, kisha kujua namna ya kuingia mahali ambapo hakuna anayekuhesabu kuwa msanii.

Pengo liwe la kweli. Fika mjini saa tatu au nne kabla ya kupima mitambo, au ondoka kesho yake mchana badala ya alfajiri. Pengo la saa moja huliwa lote na kutafuta chakula na kuchaji simu. Ukiwa kituoni au kwenye foleni, toa hedifoni masikioni. Mtu akiona mkoba wa gita huanza mazungumzo mwenyewe, lakini aliyeziba masikio hasemeshwi.

Ukialikwa kwenye ibada ya watu usiowajua, uliza kwanza kama ala zinaruhusiwa. Swala msikitini haina ala. Makanisa mengi ya Kiorthodoksi huimba kwa sauti tupu. Sabato ya Kiyahudi huanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi usiku, na sinagogi la Kiorthodoksi halipigi ala katika muda huo. Kwenye gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, utavua viatu, utafunika kichwa na kuketi chini. Harmoniamu na tabla zipo, na wapigaji wake wapo. Wewe kaa, sikiliza, kisha kula chakula cha langar kinachogawiwa bure kwa kila anayeingia. Kuacha gita nje kunauma kidogo, nalo hilo ni sehemu ya dawa.

Wakikuambia “njoo utupigie”, kosa la kwanza la wengi ni kuuliza, “Kii gani?” Mwimbishaji wa kusanyiko dogo hajui kii, yaani noti ya msingi ya wimbo, huanza pale koo lake lilipoamkia. Usipige ubeti wa kwanza. Sikiliza noti inayofunga ubeti, maana mara nyingi ndiyo do, hiyo noti ya msingi. Ivumishe puani, kisha itafute taratibu kwenye uzi wa sita, ule mnene zaidi, kwa ncha ya kidole. Ukikuta Eb (E iliyoshushwa nusu sauti), funga kapo, kibanio cha shingo ya gita, kwenye freti ya kwanza upige kwa maumbo ya D, yaani vidole vikae kama unapiga D, au freti ya tatu kwa maumbo ya C. Bb ni kapo ya tatu kwa maumbo ya G. Ab ni kapo ya kwanza, maumbo ya G vilevile. Kapo ikae karibu na chuma cha freti, la sivyo nyuzi hulia vibaya. Ikibana mno hupandisha sauti, na uzi wa tatu ndio husaliti kwanza.

Jambo la pili ni kwamba kusanyiko lisilo na ala huhama. Kufikia ubeti wa tatu wanaweza kuwa wameshuka nusu sauti bila mtu kugundua. Kwa hiyo ingia kati ya ubeti na ubeti, na kodi moja tu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), ukiisikilizia. Wakiwa wamekaa katikati ya noti mbili, gita halina msaada: liweke chini upige makofi nao. Ukikuta piano ya zamani iliyoshuka sauti, wewe ndiye unayehama. Bonyeza A iliyo juu ya C ya kati, linganisha uzi wa tano oktava mbili chini yake, kisha panga nyuzi nyingine kwa huo. Tyuna, kifaa cha kupima sauti ya nyuzi, iliyowekwa kwenye A ya kawaida ya 440 itakwambia umekosea, iache iseme.

Madoido ya vidole yaache mkobani. Usirekodi kwa simu, na usitaje albamu yako mpaka uulizwe.

Ombi lisilotarajiwa ambalo huja mara nyingi kuliko unavyodhani ni la mgonjwa: “Njoo umpigie mama wimbo mmoja.” Pata ruhusa ya mwenyewe na ya wanaomtunza, nawa mikono, kaa mahali anapokuona bila kugeuza shingo. Tumia nyama ya kidole gumba, siyo kucha wala piki, kile kipande cha kugongea nyuzi. Muulize wimbo wa ujana wake, maana wimbo huo unaweza kukaa kinywani hata majina ya wanawe yakipotea. Shusha kii nusu sauti nne au tano kutoka ulivyozoea, punguza mwendo, na mwisho wa kila mstari mngoje avute pumzi. Nyimbo mbili au tatu, dakika kumi na tano. Akikunja uso, akigeukia ukutani au akianza kuvutavuta shuka, maliza mstari ukome.

Wimbo ukiisha, usiseme kitu. Shika nyuzi zinyamaze, uhesabu pumzi zake kumi. Jambo lililokuleta kwa huyu mtu hutokea hapo, na wanamuziki huliua kwa “asante” ya haraka ya jukwaani. Akisema “niombee” na dini zenu ni tofauti, muulize angependa yasemwe maneno gani, uyaseme hayo. Kama huamini, usiigize. Mwambie utakaa naye kimya, kisha ukae kweli.

Yote haya yanataka gita lililo tayari. Mbao zinapenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Ukishuka chini ya 40 kwa muda mrefu, uso wa gita huweza kupasuka na ncha za freti huchomoza. Ukitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto, acha mkoba ukiwa umefungwa saa moja. Beba seti mbili za nyuzi.

Na beba daftari dogo la karatasi. Usiku uleule andika mstari wa kwanza wa wimbo uliofundishwa, kii waliyoianzia, na neno moja uliloambiwa. Simu ina kila kitu, ndiyo maana hutarudi kulitafuta humo.