Sanamu "ilipewa" Marekani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la saba hapa Mikindani kaandika kwenye insha "Sanamu ya Uhuru ilipewa Marekani na Ufaransa", shuleni wamempigia mstari mwekundu. Kosa liko wapi, si ilikuwa zawadi kweli?

Jibu: Marahaba mama. Zawadi ilikuwa kweli, Wafaransa walichangishana hela, mchongaji wao Bartholdi akaibuni, mhandisi Eiffel akaisukia mifupa ya chuma kwa ndani, ikapakiwa melini vipandevipande ikafika New York 1885 na kuzinduliwa 1886 (ila ule msingi inaposimama Wamarekani walijichangia wenyewe, hili wengi hawalijui). Kosa ni hiyo "ilipewa".

Kitenzi -pa hakikai peke yake, lazima kimtaje anayepokea: nipe, mpe, tupe. Sasa ukikigeuza kuwa -pewa, anayekaa mbele ni huyohuyo mpokeaji, siyo kitu. Msimu wa korosho huku kwetu kila mtu anasema "wakulima wamepewa salfa" (dawa ya kupulizia mikorosho), sijasikia mtu anasema "salfa imepewa wakulima", maana hapo utauliza salfa yenyewe imepewa nini. Na sanamu ilipewa nini, rangi? Mtu anapewa, kitu kinatolewa. Kwahiyo "Sanamu ilitolewa na Ufaransa kwa Marekani" sawa, "Marekani ilipewa sanamu na Ufaransa" sawa pia, japo msomaji mkorofi atasema kumbe walipewa sanamu pamoja na Ufaransa yenyewe, haha.

Mi ningemshauri aandike "Ufaransa iliipa Marekani Sanamu ya Uhuru" yaishe. Aangalie tu zile i mbili kwenye "iliipa", ya kwanza baada ya l ni ya wakati, inayofuata ni ya Marekani, tukiongea tunaimeza moja ila kwenye kuandika zinatakiwa zote.

Na hii siyo ya kutafutia maksi tu. Yule mjusi wetu mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru hapa Lindi, mifupa yake Wajerumani waliichimba kuanzia 1909 hadi 1913 wakaipeleka Berlin, ipo makumbusho mpaka leo. Kuna watu wanaandika "Ujerumani ilipewa mjusi". Ilipewa na nani, wakati nchi yenyewe walikuwa wanaitawala wao? Hapo kitenzi ni "walichukua", na mwanao akiandika hivyo asikatwe hata nusu maksi.