Kabla hujaandika wasifu wa marehemu, waulize aliotumika nao

Wasifu wa mume wangu niliuandika usiku mmoja, macho yamevimba. Alizaliwa lini, alisoma wapi, tulifunga ndoa mwaka gani, ameacha mjane na watoto watatu. Tarehe zote zilikuwa sahihi. Lakini uliposomwa kanisani, nikahisi anatajwa mtu mwingine kabisa, mtu wa kwenye fomu.

Baada ya mazishi ndipo watu wakaanza kunijia. Kijana mmoja wa kwaya akanieleza kwamba mume wangu ndiye aliyemfundisha kukunja nyaya za vipaza sauti zisikatikie ndani, na kwamba jioni moja alipotaka kuacha shule, walikaa wawili stoo wakikunja nyaya zilizokwisha kukunjwa, mpaka yakamtoka yaliyomsibu. Bibi mmoja akasema kila Jumapili alimshika mkono kwenye ngazi za mlangoni na kumwuliza, "Goti linasemaje leo?" Mimi niliyeishi naye miaka 22 sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba anatangulia kutoka nyumbani na anachelewa kurudi, na mara nyingine, nakiri, nilimnunia kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo kama umefiwa na kazi ya kuandika imekuangukia wewe, nakusihi uulize kwanza. Ila usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa kuwa alikuwa mpole, mcheshi, mcha Mungu, maneno ambayo husemwa juu ya kila marehemu. Uliza hivi: "Mara ya mwisho alikusaidia nini?" "Neno gani alipenda kulirudia kila mara?" "Kazi aliyokuwa akiifanya, sasa anaifanya nani?"

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9, Dorkasi alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa nao. Nimeirudia habari hiyo mara nyingi tangu nibaki peke yangu. Wajane wale walikuwa na nguo mikononi, nami nilisimama na karatasi ya tarehe. Ningepewa nafasi tena, ningeanza na nyaya za vipaza sauti na goti la yule bibi, tarehe zikafuata baadaye kwa mistari mitatu.

Na usiogope kutaja udhaifu wake. Mume wangu hakujua kukataa. Akiombwa kupanga viti, akiombwa kumpeleka mgonjwa, jibu lilikuwa ndiyo hata siku aliyowaahidi watoto kuwa nao. Mwanangu mkubwa aliumia kwa hilo, na tulipoanza kulisema waziwazi ndipo naye akaweza kumlilia baba yake. Kabla ya hapo alikuwa ananyamaza kila tulipomsifu.

Watoto waulize mmoja mmoja, kila mtu peke yake. Nilikosea nilipowakusanya wote, kwa sababu mkubwa aliposema, wadogo wakaitikia. Binti yangu wa mwisho, mwenye miaka 7, aliniambia baadaye kwamba baba alikuwa akiimba wimbo mmoja kila akimfunga viatu. Nikamwambia hapana, baba hakuwa anaimba. Alinitazama tu, akaondoka. Naumia nikikumbuka macho yale. Baba aliyemfunga viatu alikuwa wake, nami sikuwapo.

Jambo la simu nalitaja kwa haraka kwa kuwa muda wake ni mfupi. Hamisha picha na jumbe za sauti mapema, uziweke mahali pawili tofauti. Akaunti ya WhatsApp isipotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na namba ya simu iliyoachwa huweza kupewa mtu mwingine. Mimi nimebaki na sekunde 11 za sauti yake akiuliza kama tumefunga dirisha. Siku za mwanzo sikuweza kuisikiliza. Kama nawe huwezi, ihifadhi hivyo hivyo.

Funguo za kanisa nilizikuta kwenye mfuko wa koti lake wiki ya tatu. Jumapili ya kwanza bila yeye, stoo haikufunguliwa, watu wakasimama ibada nzima kwa kukosa viti vya ziada. Kila ufunguo alikuwa ameufunga uzi wa rangi yake. Nilitaka kuzirudisha kimyakimya kwa mchungaji, lakini mwanangu mkubwa akaniomba azipeleke yeye. Alirudi saa mbili baadaye, mikono ina vumbi, akaniambia kwamba uzi mwekundu ni wa stoo.