Kwa Nini Ubingwa wa Uingereza Hauzunguki?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza. Kaka yangu anayeishi Marekani hunitania kwamba sisi humjua bingwa kabla msimu haujaanza, ilhali kwao kila timu ina zamu yake. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini Waingereza wasiige kanuni za Wamarekani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kaka yako ana hoja, ingawa ameitia chumvi. Tangu Ligi Kuu ilipoanza mwaka 1992 hadi mwaka 2025, ubingwa ulitwaliwa na klabu saba tu, na Manchester United na Manchester City zilijigawia misimu 21 kati ya 33. Ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ilipata mabingwa saba tofauti kati ya 2019 na 2025 pekee. Hata hivyo vigogo hawakosekani huko: New England Patriots walishinda Super Bowl, yaani fainali ya NFL (ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani), mara sita kati ya 2002 na 2019.

Tofauti imo katika kanuni. NFL hugawa mapato ya televisheni ya kitaifa sawa kwa sawa kwa timu zote 32, tangu 1994 imeweka ukomo wa mishahara, na timu iliyoshika mkia ndiyo hutangulia kuchagua chipukizi wanaotoka vyuoni. Hayo huwezekana kwa sababu ligi imefungwa: hakuna anayeshuka daraja, wala mchezaji hana ligi nyingine ya kumlipa kiasi kama hicho. Uingereza ikijiwekea ukomo mkali peke yake, nyota watahamia Madrid au Munich, maana tangu hukumu ya mahakama katika kesi ya mchezaji Bosman mwaka 1995 mchezaji aliyemaliza mkataba huondoka bila ada ya uhamisho. Tena chipukizi wa soka hulelewa na akademia za klabu zenyewe, kwa hiyo hakuna kundi la pamoja la kuchagulia.

Hata hivyo, soka ya Uingereza haikuwa hivi daima, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba ukubwa wa klabu fulani ni majaliwa. Katika misimu kumi iliyomalizika kati ya 1960 na 1969 walipatikana mabingwa wanane tofauti, wakiwemo Burnley, na Ipswich Town waliotawazwa 1962 katika msimu wao wa kwanza baada ya kupanda daraja. Enzi hizo timu ngeni ilipata fungu la viingilio, na hadi 1961 mshahara wa mchezaji haukuruhusiwa kuzidi pauni 20 kwa wiki (kanuni ya kinyonyaji, ambayo silii kufutwa kwake). Mgawo wa viingilio ulikomeshwa 1983, kisha zikaja fedha za televisheni na za Ligi ya Mabingwa, ambazo humwongezea aliyekwisha kushiba. Matokeo yake ni kwamba timu zote tatu zilizopanda zilishuka papo hapo katika msimu wa 2023/24, na tatu nyingine vivyo hivyo msimu uliofuata.

Kwa hiyo kama kuna la kuiga, mimi ningeiga mgawo wa mapato na kuliacha lango la kupanda na kushuka lilivyo. Marekani anayeshika mkia hunufaika, kiasi kwamba NBA, kwa kushuku timu zilizopoteza kwa makusudi, ilianzisha bahati nasibu ya uchaguzi wa chipukizi mwaka 1985. Uingereza anayeshika mkia hana budi kupigana hadi Mei.