Usimwage Kabla Hujatazama

Juzi usiku mdogo wangu mmoja anayemaliza shahada ya sayansi ya maabara aliniandikia: "Dada, nataka kuwa mtafiti wa saratani. Nianzie wapi?" Ujumbe umenikuta siku njema. Asubuhi yake jarida lilikuwa limekubali makala yetu kuhusu kirusi cha Epstein-Barr, kile kinachohusishwa na saratani ya Burkitt, na kinga ya watoto wanaougua malaria, na jina langu ndilo limetangulia. Nililia. Nakujibu hapa, maana najua mko wengi mnaoitaka njia hii.

Nianze na chupa niliyoimwaga.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamili. Tulikuwa tunakuza seli za watoto wenye saratani ya Burkitt, ule uvimbe wa taya unaokua haraka mno. Chupa moja ilitokana na mtoto wa miaka 6. Niliilea siku 18, hata Jumapili napanda daladala nikaiangalie tu. Siku ya 19 nikaikuta imegeuka njano, imechafuka kama maji ya mchele. Nikajua bakteria wameingia. Msimamizi alikuwa njiani na wageni, nikaogopa aibu. Nikamimina jiki, nikaimwaga sinki. Darubini ilikuwa hatua mbili tu kutoka nilipo.

Jioni fundi wetu, mzee wa siku nyingi pale maabara, akaniuliza: "Ulizitazama?" Nikanyamaza. Seli hizi hazigandi chini ya chupa. Huelea, hujikusanya vishungi, na zikistawi huyafanya yale maji yawe njano na kuchafuka. Huenda nilimwaga bakteria, huenda nilimwaga kile kile nilichokuwa nakitafuta. Mtoto alifariki wiki mbili baadaye, hatukuwa na sampuli yake nyingine. Msimamizi akaniambia mbele ya wenzangu kwamba kazi ninayoiweza ni kuosha vyombo. Miaka 7 sasa, na neno lile bado linanichoma.

Mzee yule ndiye aliyenisimulia habari ya ukungu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandika uvimbe huu mwaka 1958. Machi 1961 akatoa mhadhara London. Mtafiti Anthony Epstein alikuwepo, na aliposikia kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, akahisi pana kirusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na muda mrefu darubini ya elektroni, ile yenye uwezo wa kuona hata virusi, haikuonyesha kitu. Desemba 1963 ukungu ukaizuia ndege kutua London, ikapelekwa Manchester. Sampuli ikafika imechelewa, maji yamechafuka, mtu angeapa imeoza. Epstein akatazama tone moja: seli hai za uvimbe, zimejitenga zenyewe, zinaelea! Hapo ndipo walipojua namna ya kuzikuza. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakakitangaza kirusi chenyewe.

Chupa yake ilichafuka kama yangu. Yeye alitazama.

Habari za kuomba vibali na fedha naziruka, utazijua ukizifikia. Nilianza upya kwingine, nikajenga mazoea mamoja: sitoi hukumu kabla ya darubini. Ndivyo tulivyofika kwenye hii makala. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana kirusi hiki, wengi hawaugui, kwa sababu seli T, askari wa kinga ya mwili, zinakidhibiti. Malaria ya mara kwa mara huzichosha seli T, huku ikizisukuma seli B, zile seli za kinga ambamo Burkitt huanzia, zizaliane ovyo, na kosa la vinasaba hupata mlango. Tulikuwa na matokeo ya watoto wachache yasiyolingana na wenzao, na wote walitushauri tuyaondoe. Nikakataa, nikarudi kuyatazama. Mle ndimo makala yetu ilimokuwa.

Kwa hiyo tazama, mdogo wangu. Ukichoka, tazama. Bosi akiwa mlangoni, tazama. Kisha andika ulichokiona kwenye daftari, kwa kalamu, siku hiyo hiyo, hata kama kinakuaibisha. Na nyinyi wasimamizi mnaosoma hapa, msimdhalilishe kijana mbele ya watu. Atakachojifunza ni kuficha chupa.

Umeuliza uanzie wapi. Anzia wodi ya watoto, kabla ya maabara. Kaa na akina mama, uwasikilize. Burkitt ikiwahiwa dawa, watoto wengi hupona, ila wengi huletwa taya limeshavimba vibaya na meno yanacheza. Mimi nakwenda huko kesho saa mbili asubuhi, kuna mtoto amelazwa jana.