Mikono ya kwaya imekuwa moshi

SWALI: Habari ya kazi. Nimenunua kamera ya mtumba na ile lenzi yake ya 18-55, juzi nikapiga kwaya ya kanisa letu hapa Nyalenda, Kisumu, ilikuwa jioni. Ukuta na viti viko sawa lakini mikono ya wanaopiga makofi imekuwa kama moshi. Jamaa mmoja anasema lenzi imekufa ninunue ingine. Ni ukweli?
Msomaji, Nyalenda

JIBU: Ndugu yangu, hiyo pesa iache tu mfukoni kwanza. Lenzi mbovu ingeharibu hadi ukuta, kwako kimeharibika kile tu kinachosonga. Nimecheki picha uliyotuma, kamera ilijichagulia 1/15 na ISO 400 (ISO ni vile kamera inahisi mwanga), yaani shata, ile pazia inayofunguka kuingiza mwanga, ilikaa wazi sehemu moja ya 15 ya sekunde na hapo katikati mkono umeshatoka begani umefika kifuani, kamera imechora safari yote.

Weka kamera kwa S, zingine zimeandikwa Tv, hapo kasi ya shata unachagua mwenyewe, halafu chagua 1/100. Sasa mwanga unaoingia umepungua karibu mara 7, lazima uurudishe mahali, so panda ISO hadi 3200. Ndio, utaona chengachenga kidogo kwa kivuli, na wale wa kukuambia usipite 800 wasikuogopeshe, chenga mama kwaya hata hazioni lakini uso wenye ukungu ataukataa mbele ya watu. Pia usivute zumu sana, sogea mbele kwa miguu, maana ukiwa 55 tundu la lenzi linafika f/5.6 pekee lakini ukirudi 18 linafunguka hadi f/3.5 (namba ndogo ndio tundu kubwa), hiyo ni mwanga zaidi ya mara mbili na ni bure.

Utauliza mbona nisiende 1/500 nimalize maneno. Taa za stima yetu zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, lakini shata ya haraka inaweza kukuletea mistari ya giza kwa picha, hasa zile taa ndefu za tyubu. Ndio maana nikasema 1/100. Makofi nayo bonyeza wakati viganja vinagongana, hapo mkono husimama kidogo.

Kasi kama 1/1000 iweke ya mchana, enda Dunga wavuvi wakirudi ama simama Kondele upige boda zikipita, kisha boda hizo hizo uzipige na 1/30 ukiisogeza kamera pamoja nazo. Ukizipata nitumie.